Msumeno Uliotoa Unga

Watu wakinisikia nikisimulia habari za kazi yetu ya mbao husema mzee huyu anajisifu. Ni kweli, najisifu. Mungu alinipa mikono na jicho la kupima, akanipa na mwenzangu wa kufanya naye kazi, na sioni kwa nini ninyamaze kana kwamba vitu hivyo niliviokota njiani.

Tulikuwa wapasua mbao wa shimoni. Tajiri wetu, Mhindi wa madhehebu ya Shia, alikuwa na uwanja wa mbao Buguruni, pale njia zinapokutana. Magogo yalimfikia kutoka vilima vya Madale, kutoka Pugu, na kutoka viwanja vya watu waliokuwa wakisafisha mahali pa kujenga huko Temeke na Kinondoni. Gogo likishavingirishwa juu ya shimo, mimi nilipanda juu yake na mwenzangu alishuka chini, na msumeno mrefu ulipanda na kushuka katikati yetu tangu asubuhi. Wa juu anafuata mstari. Wa chini anavuta, na unga wote wa mbao unamwangukia usoni.

Huyo mwenzangu alikuwa mtani wangu. Mimi ni Mnyamwezi, yeye alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na watu wa makabila yetu wana ruhusa ya tangu zamani ya kutukanana bila mtu kukasirika. Alinizidi umri kwa mbali. Nilipofika Dar es Salaam na sanduku langu la zana za useremala, nikiwa nimetoka misheni ya kwetu nilikofundishwa katekisimu asubuhi na randa mchana, ndiye aliyenipa chumba cha uani kwake Temeke, na ndiye aliyeniambia uwanja ule unatafuta mtu wa kunoa. Yeye Mwislamu wa sala tano, mimi Mkristo wa Jumapili na wa katikati ya wiki pia, na hatujawahi kukosa la kuzungumza.

Kunoa ndiko kulikonipa jina. Msumeno wa shimoni ni mrefu kuliko mtu, na meno yake yote lazima yawe na kimo kimoja, maana jino likiwa refu linabeba kazi ya wenzake na likiwa fupi linakula bure. Nikimaliza kunoa nilikuwa nalaza rula ya chuma juu ya meno, nainua msumeno usawa wa jicho na kutazama upande wa jua. Mwanga ukipenya chini ya rula, pana kosa. Chini ya rula yangu mwanga haukupenya. Wapasua mbao wa Temeke na hata wa Segerea waliniletea misumeno yao, na waliniachia wakaenda zao bila kungoja kuikagua.

Lakini shimo linakula watu. Macho ya mtani yalikuwa mekundu siku zote, na ule mwaka ninaousimulia magoti yake yalianza kukataa. Kushuka alishuka kwa kujishikilia kwenye kamba. Kupanda nilimvuta kwa mkono, tukifanya mzaha ili wengine wasione. Kubadilishana tulijaribu, lakini juu ya gogo ndiko kubaya zaidi kwa mtu asiye na magoti. Sote wawili tulijua kwamba mpasua mbao asiyeweza kushuka shimoni wala kupanda gogo anarudishwa kwao. Na kwao, Kisarawe, hapakuwa na kitu kilichobaki ila kaburi la mama yake na minazi ya ndugu.

Ndipo ikaja mashine. Tajiri aliinunua kwa mkandarasi aliyekuwa amemaliza kazi yake ya kufyeka na anaondoka nchini. Ilikuwa msumeno wa moto, kama tulivyouita: injini nzito upande mmoja, bapa refu la chuma lenye mnyororo wa meno ukizunguka kingo zake, na mkono wa kushikia upande wa pili. Ilitaka watu wawili, mmoja nyuma na mmoja mbele, na wote wawili wamesimama juu ya ardhi tambarare. Mtani aliizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Haina shimo," alisema.

"Haina," nikamjibu.

"Basi mimi na huyu tutaelewana."

Ilikuja na boksi la spana, tupa ya duara, tupa ndogo bapa ambayo hatukujua ni ya nini, na kipande kifupi cha mnyororo mpya cha akiba. Kitabu hakikuwapo. Tuliishika, na ndani ya majuma machache tulikuwa tukikata magogo kwa siku moja ambayo zamani yangetuchukua juma. Vipande vya mbao viliruka vinene kama punje za mahindi. Mtani alisimama mbele, ameshika mkono wake wa chuma, na usiku alilala bila kukandwa magoti.

Kisha tukaitwa kukata mfenesi nyuma ya bucha moja Temeke. Mchinjaji wa zamani alikuwa ametundika mbuzi wake kwenye mti ule kwa miaka, na mti ulikuwa umemeza ndoano yake ya chuma hadi haionekani. Mnyororo ulipoifikia ulipiga kelele ambayo naisikia hata leo. Tulipoizima mashine, meno mengi yalikuwa butu kama ya kizee.

Niliunoa. Nilikaa na ile tupa ya duara tangu asubuhi hadi jua la utosi, nikalirudisha kila jino nyuma hadi sehemu iliyoumia ikaisha. Ukiligusa kwa kidole gumba liling'ata. Tukaliweka gogo, tukawasha, tukakandamiza. Mashine ikaunguruma, moshi ukatoka, na chini yake ukadondoka unga. Unga laini, wa hudhurungi, kama wa muhogo uliosagwa. Gogo lenyewe lilikuwa limechubuka tu.

Nilizima, mtani akanitazama. "Mnyamwezi, leo umeinoa au umeiombea tu?"

"Nimefanya yote mawili."

"Basi rudia moja. Sijui lipi."

Nilirudia yote. Kila nikinoa, ilizidi kuwa mbaya. Juma lile tulikata kidogo kuliko shimoni, na tajiri alikuwa akipita, anatazama moshi, anaondoka. Mwishowe akatuita. Ilikuwa karibu na siku za Muharram, ambazo yeye na jamaa zake huomboleza, na alikuwa ameshavaa nguo nyeusi.

"Mafundi, sina ugomvi na nyinyi," alisema. "Lakini chuma kinachokunywa petroli na kutoa moshi nitakifuga cha nini? Mwenye shamba la katani amekwisha kuniuliza mara mbili. Yeye ana mtu wa kuitengeneza. Sasa nafunga uwanja kwa ajili ya maombolezo yetu. Nikifungua, ama inakata ama inaondoka. Shimo bado lipo."

Aliniachia funguo za lango. Hakumwachia karani wake, aliniachia mimi. Lakini furaha ya kupewa funguo iliishia njiani, maana mtani alitembea hadi Temeke bila kunitukana hata mara moja.

Kesho yake asubuhi tukaanza. Nilimwambia tusinoe tena. Tukague kitu kimoja baada ya kingine, na kisicho na kosa tusikirudie. Kwanza tulitazama kama mnyororo umevishwa kinyume, kwa sababu mtu akiurudisha kwa haraka unaweza kugeuka na kukata kwa mgongo. Haukuwa kinyume. Tukautazama unavyokaza: ulikuwa unaning'inia kidogo, tukauvuta kwa spana hadi ukakaa. Tukatazama tundu linalopitisha oili kwenye bapa, tukalikuta limeziba kwa mchanga wa Buguruni, na mtani akalizibua kwa mwiba wa mchongoma. Tukawasha. Moshi ulipungua. Unga haukupungua.

"Oili tumempa, bado ana njaa," alisema mtani.

Tukaendelea. Aliniambia jambo ambalo mimi niliyekuwa nyuma sikuweza kulihisi: mbele, mashine ilikuwa ikimvuta kulia. Tukaangalia njia iliyokatwa ndani ya gogo, na kweli ilikuwa imepinda. Hiyo niliijua. Meno ya mnyororo ule yanapishana, moja linatazama kushoto na linalofuata kulia, na mkono wangu ulikuwa umeyala ya upande mmoja kuliko ya upande wa pili. Nilichomoa chelewa kutoka kwenye ufagio wa uwanja, nikaikata kwa urefu wa jino fupi kuliko yote, nikaipima kwenye kila jino. Yaliyozidi niliyarudisha kwa tupa hadi yote yakalingana na chelewa ile. Kazi hiyo ilichukua siku nzima, na naisimulia kwa raha kwa sababu iliniridhisha sana. Mashine ilipowashwa ilienda moja kwa moja bila kuvuta upande.

Lakini ilitoa unga.

Hapo mtani akaniuliza, kwa upole ambao kwa mtani ni dalili mbaya, kama nina hakika na kunoa kwangu. Nilichukua rula yangu ya chuma, nikailaza juu ya mnyororo toka jino hadi jino, nikauelekeza upande wa jua, nikamwita aje aone. Hapakuwa na mwanga hata wa kupitisha uzi. Kila kilichosimama juu ya mnyororo ule kilikuwa kimeigusa rula.

"Umeona?"

"Nimeona," alisema. "Basi gogo ndilo halijanolewa."

Tulicheka, lakini kicheko hakikukaa. Ikafika adhuhuri. Alitawadha kwenye pipa, akatandika kipande cha gunia, akasimama kusali. Mimi nilikaa pembeni kwenye mbao na kitabu changu cha Zaburi. Alipotoka kwenye sijida hakuweza kuinuka. Alitia mkono kwenye gogo lililokuwa karibu, akajisukuma, akatulia katikati ya safari kama mtu anayekusanya nguvu, kisha akasimama na kuendelea na sala yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikafunga kitabu. Sikumwomba Mungu anifunulie siri ya mashine. Si kazi yake kuninolea msumeno. Nilimwomba anipe subira ya kutazama tena kitu ambacho nimekwisha kukitazama.

Mtani alipomaliza aliinama kidogo, akachota ule unga uliorundikana chini ya mashine, akausugua kwenye kiganja.

"Mtani," alisema, "miaka yote hii nimekula unga wako kule chini. Unga wa msumeno mkali una chembe, ukiingia jichoni unachoma. Huu hauchomi. Huu hata mtoto unaweza kumpaka. Hii mbao haikukatwa, imesuguliwa."

"Lakini meno ni makali."

"Mimi nimesema si makali? Nimesema hayafiki."

Neno lile lilinisimamisha. Kitu kikali ambacho hakifiki. Nikakumbuka misheni, siku zangu za kwanza na randa, jinsi nilivyokuwa nanoa kisu chake hadi kinanyoa nywele za mkono, kisha nasukuma randa juu ya ubao nayo inateleza tu kama pasi. Mwalimu wetu aliigeuza randa, akanionyesha tumbo lake. Kisu kilikuwa kimejificha ndani. Randa hailambi ubao mpaka kisu kichungulie chini ya tumbo lake, tena kidogo sana, unene wa ukucha.

Nikarudi kwenye mnyororo. Mbele ya kila jino palikuwa na kinundu cha chuma, kimesimama kama mlinzi. Tangu mwanzo tulikiona na hatukukigusa, kwa kuwa hakikuwa na makali na kwa hiyo hakikunihusu. Nikalaza tena rula yangu. Jino liliigusa rula, na kinundu kiliigusa vilevile. Nilikuwa nimemwita mtani aje kuusifu usawa ule.

Nilikwenda kwenye boksi nikatoa kile kipande cha akiba, ambacho hakijawahi kuguswa na tupa ya mtu. Nikalaza rula juu ya meno yake. Nikakielekeza upande wa jua. Mwanga ukapita. Mstari mwembamba wa mwanga, juu ya kila kinundu.

"Njoo uone," nikamwambia.

Alikuja, akafumba jicho moja bovu, akatazama kwa lile lenye afadhali. "Pana upenyo," alisema. "Kwa sheria yako hii ni kazi mbovu."

"Kwa sheria ya shimoni. Huku kinundu ndicho tumbo la randa. Kinaliambia jino lizame kiasi gani. Migongo ya meno yale ina mteremko, kwa hiyo kila nilipolirudisha jino nyuma kwa tupa lilishuka, na kinundu kikabaki palepale. Sasa mnyororo mzima unatembea juu ya vinundu."

"Kwa hiyo ulivyozidi kunoa..."

"Ndivyo nilivyozidi kulificha jino."

"Mnyamwezi, umetembea kwa miguu toka Tabora kuja kuficha meno ya Mhindi."

"Nimekuja kwa treni."

"Ndiyo maana umechelewa kufahamu."

Sasa nilijua ile tupa ndogo bapa ni ya nini. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukata chuma cha mnyororo pekee tulionao ni kitu kingine. Chuma kilichoondolewa hakirudi. Nikizidisha, jino litazama mno, mashine itaruka mikononi mwetu na pengine kumuumiza aliye mbele, naye ndiye mtani. Yeye alitaka niondoe vya kutosha mara moja tumalize. Mimi nilikataa. Nilipiga tupa kidogo kwenye kinundu cha kwanza, nikalaza rula, nikalinganisha upenyo wake na ule wa kipande kipya, nikapiga tena kidogo. Ulipofanana nilikwenda kwenye kinachofuata. Yeye alishika bapa lisitikisike, na kila nilipoinua tupa aliguna.

"Ongeza."

"La."

"Ongeza kidogo, mtani, jua linazama."

"Jua litachomoza kesho. Kinundu hakitachomoza."

Tulimaliza siku iliyofuata. Nilivua kofia, nikasali kimoyomoyo. Yeye akasema bismillahi kwa sauti. Nikavuta kamba ya injini. Tuliishusha mashine juu ya gogo la mninga, na safari hii hatukuikandamiza. Ilishuka yenyewe. Vipande vikaanza kuruka, vinene, vyeupe kwa upande mmoja na vyekundu kwa upande wa pili, vikamjaa mtani ndevu na kofia na mifuko. Alikuwa anapiga kelele ambazo sikuzisikia kwa ajili ya injini, lakini mdomo wake niliusoma: inatafuna, inatafuna! Gogo lilianguka vipande viwili. Tulizima, na uwanja wote ulinukia mninga.

Siku tajiri alipofungua, lori la shamba la katani lilikuwa limekwisha kusimama nje ya lango, na dereva amekaa kwenye bodi anakula muwa. Tajiri aliingia na nguo zake nyeusi, uchovu wa maombolezo bado usoni, akatusalimu vizuri.

"Nionyesheni," alisema.

Tulikuwa tumemwekea shina la ule mfenesi wa bucha, sehemu isiyo na chuma. Nilitaka iwe mti uleule. Tuliwasha. Mashine ikaingia kwenye mti wa njano kama kisu kwenye boga lililoiva, ikatokea upande wa pili, na njia iliyoacha ilikuwa imenyooka. Tajiri aliinama, akaokota vipande, akavitazama, akavinusa. Aliniuliza nini kilikuwa kibaya, nikamweleza habari ya vinundu na randa, naye alisikiliza hadi mwisho. Kisha alitoka nje hadi langoni, nasi tukamsikia akimwambia dereva ampelekee bwana wake salamu na shukrani, mashine haiuzwi.

Aliporudi hakuja kwangu. Alimwendea mtani.

"Mzee, mimi nina macho," alisema. "Nimeiona ile kamba yako ya shimoni tangu mvua za masika. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Tajiri aliweka kiganja juu ya mashine, akaendelea.

"Kazi ya mashine hii ni ya kusimama toka asubuhi hadi jioni. Kesho mtaanza Madale, huko kuna magogo mengi. Nataka mtu wa mbele anayeijua. Utaweza?"

Mtani alijipangusa vipande vya mfenesi kwenye ndevu, akajinyoosha kimo chake chote.

"Tajiri," alisema, "kusimama nimeanza nikiwa na mwaka mmoja. Kuinama ndiko kumenishinda."

Tajiri alicheka, mara ya kwanza tangu Muharram kuingia, na akaniambia nijaze petroli kwa ajili ya kesho. Niliijaza. Nilitia na rula yangu kwenye boksi la spana pamoja na kile kipande cha mnyororo, nikamwambia mtani abebe boksi, yeye akaniambia Wanyamwezi ndio walioumbwa kubeba, tukabishana hivyo hadi tulipotoka langoni.